Waingereza wa Fundi

Sijui mtu aliyekuwa na maoni mengi juu ya Waingereza kama Fundi, na Fundi hakuwahi kufika kwao wala hakujua Kiingereza. Alichojua ni redio, pasi za umeme na deki za video. Waingereza aliwapata ndani ya katoni.

Katoni yenyewe, ya mikanda ya video, aliachiwa na mhandisi mmoja wa mradi wa barabara, Mwingereza, ambaye deki yake ilikuwa haikai mwezi bila kuharibiwa na vumbi la Kahama. Dada yake alikuwa akimrekodia michezo ya kuigiza kwenye televisheni ya kwao na kumtumia kwa posta, ili kaka asife kwa upweke. Mradi ulipokwisha mhandisi akapanda ndege, katoni ikabaki chini ya meza ya Fundi, mtaani Nyahanga, kwenye kibaraza tulichogawana mimi na yeye. Yeye alikuwa upande wa mlango na vyuma vyake, mimi upande wa dirisha na cherehani yangu. Kabula, binti yangu, alikuwa katikati, akitambaa kuelekea chochote chenye ncha.

Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni. Mwenye seti alikuwa nayo kwa ajili ya video tu, na wenye video mjini tuliwajua wote: Hajji wa duka la vitambaa, ambaye ndiye mwenye nyumba yetu, watu wa mabasi, na wachimbaji wa dhahabu wa Geita, wale waliobahatika. Hawa walinunua deki kabla ya kununua kitanda. Mmoja alileta deki mpya kabisa, ingali na nailoni yake, akalalamika kwamba haiwaki.

"Kwako kuna umeme?" Fundi akamuuliza.

"Kwani lazima?"

Fundi hakucheka. Alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kisha akamwomba aiache deki siku mbili "tuiangalie inavyochemka." Maana Fundi mwenyewe hakuwa na deki. Alikuwa na seti kuukuu isiyo na rangi, lakini deki hakuwa nayo, na nilipomuuliza kwa nini fundi wa deki hana deki, akasema, "Nikiwa na yangu, za watu nitazitengeneza saa ngapi?"

Basi Waingereza wa Fundi waliishi kwenye deki za watu. Deki ikipona, ilibidi ijaribiwe, na ya kuijaribia ilikuwa mikanda ya katoni. Mwenyewe akija kuichukua, hadithi ilikatika hapo hapo, mtu kafungua mdomo, na tulingoja hadi deki nyingine iugue. Kiangazi vumbi lilikuwa jingi, na hadithi zilikwenda mbio. Masika yakianza, wale watu walibaki wameshika vikombe vyao mkandani miezi mizima. Hajji alishtuka mapema.

"Fundi, deki yangu ilipona jana. Nimeisikia kutoka msikitini."

"Imepona, Hajji, ila bado ina udhaifu."

"Udhaifu wake utakwisha wakijulikana waliomuua yule mzee wa mkandani?"

"Huenda," akasema Fundi. Hajji akavuta kigoda akakaa.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo nikawa mkalimani bila kuomba kazi. Nilikanyaga cherehani, nikasikiliza, nikatafsiri, nikamtoa Kabula msumari mdomoni, nikatafsiri tena. Kiingereza chao hakikuwa kile cha shuleni. Walimeza nusu ya maneno, na nusu nyingine walimwambia ukuta. Pale nilipokuwa sijui nilisema sijui. Fundi hakupenda jibu hilo, akawa anajaza mwenyewe.

Wateja wetu wengi walikuwa wafugaji waliokuja mjini na redio zao za betri. Hao hawakujali nani kamuua nani. Katika mkanda mmoja gari lilikuwa linapita barabarani, na nyuma ya dirisha la gari ng'ombe walionekana malishoni, kwa muda usiozidi mtu kupiga chafya. "Rudisha hapo!" Fundi alirudisha. "Rudisha tena! Yule wa nyuma ana mimba, umeona anavyotembea?" Mkanda ule ulikwaruzika mahali hapo pa ng'ombe kuliko mahali pengine popote. Mzee mmoja aliuliza ng'ombe wale ni wa nani. Nikamwambia ni wa bwana mwenye ile nyumba kubwa ya vyumba visivyohesabika. Akasikitika kwa dhati. "Nyumba yote ile, na zizi ndilo hili? Maskini. Ndiyo maana hacheki."

Hatukuruka hata matangazo ya biashara. Wakati ule sisi tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na mara nyingine unapanga na kipande kinakwisha mbele yako. Kule, mwanamke mmoja akachota kikombe kizima cha sabuni ya unga akakimwaga kwenye mashine kwa sababu ya shati moja. Wanawake waliokuwa kibarazani walipiga ukunga. Fundi peke yake alimtetea: "Huenda shati ni la harusi."

Kwenye hadithi za polisi alijiona bingwa, na hakupatia hata mara moja. Mchungaji wa kanisa akikutwa amekufa bustanini, Fundi alimtazama mtunza bustani. "Huyu. Angalia kucha zake, safi. Mtunza bustani gani huyo?" Muuaji akawa dada wa mchungaji. Hadithi iliyofuata, daktari kafa, Fundi tena: mtunza bustani. Nilimwambia, "Fundi, hao watunza bustani wamekukosea nini?" Akajibu kwamba mtu akikosea mara zote kwa sababu ile ile, basi ana msimamo.

Na chai. Hapo alikuwa na maneno yake, na watu wa Nyahanga wengine wanayasema hadi leo bila kujua yametoka wapi. "Mwingereza akifiwa, chai. Akifilisika, chai. Mke akimwambia sikupendi, anamuuliza, nikuwekee maziwa?" Lakini hakusema kwa kuwacheka. Aliwahusudu. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni kwamba watu wale hawakupayuka. Mtu anadhulumiwa mbele ya macho yako, anasimama dirishani, anatazama nje, basi. "Unaona, Mama Kabula? Hiyo ndiyo heshima. Huyo hapo ana hasira kuliko wewe, lakini jirani hajui."

Hapo ndipo tulipokuwa tunagombana, yaani mimi nilikuwa nagombana na yeye alikuwa ananyamaza. Nilikuwa na hasira, ninayo hadi sasa, na sioni sababu ya kuificha. Baba Kabula alikwenda Geita kuchimba mtoto akiwa wa wiki chache. Alisema anaingia duara moja tu, yaani shimo moja la dhahabu, wakipata anarudi. Salamu zilikuja, halafu zikawa za kupitia watu, halafu watu wakaanza kuvuka barabara wakiniona. Basi nilikuwa nikisema. Nilisema nikikata nguo, nilisema nikimwogesha mtoto, nikamwambia na mzee mmoja wa redio ya betri ambaye hakuwa ameuliza. Fundi aliinamia kazi yake, skrubu akazipanga moja moja kwenye vizibo vya soda, akangoja nimalize, ndipo aseme, "Nishikie taa hapa."

Mtu wa redio asiyetaka kelele. Alijaribu redio ikiwa chini mpaka mwenyewe anainama kuhakikisha kama inaimba. Aliniambia mara moja jinsi mkewe alivyoondoka kwenda Nkome, ziwani, alikokuwa akianika na kuuza dagaa. "Alifunga mizigo asubuhi. Sikumwambia neno. Nilimchemshia chai, akanywa, akaenda." Alisimulia kama mtu anayeeleza alivyoshinda kesi.

"Na yeye alisema nini?"

"Alikaa na kikombe muda mrefu. Halafu akasema asante."

Nilimwambia ni mjinga. Akasema nimshikie taa.

Msidhani alikuwa baridi, maana huo ndio utata wake. Kabula alipougua surua, macho yamefunga, mimi nimepoteza akili, Fundi ndiye aliyetupakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi hospitali. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka homa iliposhuka. Hakusema pole. Alileta uji, akachukua chupa, akaleta mwingine.

Sasa kulikuwa na hadithi moja katika katoni ambayo ilitushika kuliko zote, nasi tuliiita ile ya nyumba kubwa. Mwanamke kijana ameolewa kwenye nyumba ya yule bwana wa ng'ombe wachache. Mumewe kasafiri kwenda kutafuta mali nchi za mbali, harudi, haandiki. Ana mtoto mmoja. Baba mkwe anaamua, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, kwamba mtoto apelekwe kwa shangazi akalelewe vizuri. Mama yake anasema, "Kama mnavyoona inafaa." Mtoto anapakiwa kwenye gari. Mama anasimama dirishani.

Sikuweza kutafsiri. Niliacha kukanyaga cherehani.

"Angalia," Fundi akasema taratibu. "Hakuna hata chozi."

"Fundi, mtoto anaondoka!"

"Anaondoka, lakini mama yake hajajidhalilisha."

"Akajidhalilishe! Agaragare! Avunje vikombe!"

"Subiri. Hajamaliza huyo. Mtu wa namna hii watu humwonea haya."

Tulisubiri masika mazima kujua. Deki iliyofaa ilikuja kutoka Geita, tukaweka mkanda wa mwisho. Yule mama yuko chumbani kwake. Anachukua koti. Anakaa kitandani, anavua viatu, anavaa vingine. Anashika kitasa cha mlango. Mara picha ikaruka, na tukaona uwanja wa majani, na wanaume waliovaa nguo nyeupe wamesimama mbali mbali wakimtazama mmoja mwenye ubao. Dada wa mhandisi alikuwa amerekodi mchezo huo juu ya hadithi yetu. Fundi aliutazama mchezo ule wote, na ulikuwa mrefu kama ukame. "Labda watarudi," alikuwa akisema. Hawakurudi.

"Amekwenda kutembea kidogo, apunguze huzuni," akaamua.

"Amekwenda kumchukua mtoto wake."

"Kwa miguu?"

"Hata kwa magoti."

Katika siku hizo hizo zikaja habari kutoka Mhunze. Wakwe zangu wanakuja. Kabula ameacha ziwa, na kwa desturi ng'ombe wa mahari walishatoka zizini kwao, mtoto ni wa mji ule. Mama yupo peke yake mjini, mume hajulikani alipo, mtoto akakae kwa bibi yake. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililoniuma. Ukiwa na mtu mbaya unajua pa kumshika.

Fundi aliniona nimeshona mkono wa shati kinyume. Akaweka bisibisi chini, jambo ambalo hakulifanya ovyo. "Mama Kabula, nisikilize leo tu. Ukipayuka watasema ndiyo hayo, mwanamke hana adabu, mtoto atajifunza nini. Nyamaza. Pika chai, mimina, kaa wima. Acha waseme mpaka waone haya wenyewe."

Nami nilimsikiliza! Miezi yote nilikuwa nawatazama wale watu, nadhani nilikuwa nimeambukizwa.

Kikao kilikaa sebuleni kwa Hajji: Hajji, baba mkwe, mama mkwe, Fundi kama jirani, na mimi. Nilimimina chai. Sukari niliipata kwa taabu ambayo sitaieleza. Baba mkwe akaeleza kwa upole walichokuja kutaka. Nikatazama dirisha. Mama mkwe akaongeza kwamba kuna maziwa, kuna watoto wenzake. Nikakaa wima. Hajji akaniuliza, "Mama Kabula, una neno?" Nikainua kikombe nikanywa, kama nilivyofundishwa.

Mama mkwe akashusha pumzi, akatabasamu, na macho yake yakalengwa na machozi. "Wabeja, mayu," akasema. Ahsante, mama. "Nilikuogopa bure. Ahsante kwa kukubali." Akanyanyuka, akamwinua Kabula kutoka kwenye mkeka, akampachika mgongoni, akaanza kufunga kanga.

Ndipo nilipokumbuka niko wapi. Huku kwetu mwali akiulizwa kama amekubali mume hajibu. Ananyamaza, na wazee wanapiga vigelegele. Huku mtu hanyamazi kwa hasira. Ananyamaza kwa ndiyo. Nilikuwa nimemtoa mwanangu kwa kikombe cha chai.

Nilipiga kelele ambazo Hajji alisema zilifika sokoni. Sikumbuki zote. Nakumbuka nilisema, "Sijakubali! Sijakubali kitu! Mwanao kakimbia mimi sijakimbia! Mshusheni mtoto!" Kikombe kilivunjika, na Kabula akaanza kulia. Mama mkwe alisimama na ncha za kanga mkononi, ameduwaa kabisa, kwa sababu dakika ile ile alikuwa ameshukuru.

Baba mkwe akainua mkono, chumba kikatulia. Akamgeukia Fundi. "Wewe ni jirani, umekaa nao. Mama huyu anamtunza mtoto, au tunaambiwa tu? Sema."

Fundi, aliyesukuma baiskeli. Fundi wa uji. Alitazama ndani ya kikombe chake. Midomo ikamcheza, na hakusema neno.

Nikaacha kumngoja. Nikaenda nikafungua ile kanga kwa mikono yangu mwenyewe, nikamshusha mwanangu, na mama mkwe hakunizuia. Nikasema, sasa kwa sauti ya kawaida maana nyingine ilikuwa imekwisha, "Mkimchukua nitawafuata kwa miguu hadi Mhunze, nitakaa mlangoni kwenu, nitapiga kelele hivi kila siku mpaka mniue au mnizoee."

Baba mkwe alifikiri sana. Yule alikuwa mtu wa ng'ombe. "Ng'ombe anayefuata ndama mpaka kwenye zizi la watu," akasema, "ukimpiga fimbo unajisumbua. Mtoto abaki. Baada ya mavuno mlete atuone." Wakamaliza chai, wakaenda. Nilimpeleka baada ya mavuno, na ninampeleka kila mwaka.

Lakini Fundi sikumsalimu masika yote yale. Shikamoo yangu alikuwa ameipoteza. Nilikanyaga cherehani nimempa mgongo, na yeye hakujitetea, bila shaka akiona ni heshima. Siku moja nilifika kibarazani nikakuta meza imefunikwa turubai. Redio za watu zilikuwa kwa Hajji, zimepona zote. Katoni ilikuwa chini ya cherehani yangu. Hakuwa ameaga.

Ilipita miaka, Kabula akaanza shule. Nikaanza kuchukua dagaa Nkome kwa ajili ya kuuza, kwa sababu vitambaa vilikuwa vimeadimika na mtoto halishwi nyuzi. Nilikwenda naye safari moja wakati wa likizo. Dagaa walikuwa wametandazwa juani ufukweni kote, na wanawake wakipita katikati yao wakiwageuza. Mmoja wa wanawake wale alikuwa mwanaume. Alikuwa ameinama, anawageuza dagaa kwa uangalifu kama anapanga skrubu.

Nilidhani hasira yangu imebaki Nyahanga. Haikuwa imebaki.

"Fundi!" nikasema. "Kumbe ukinyamaza unafika mbali."

Aliinuka, akajifuta mikono kwenye shati. "Mama Kabula." Akamtazama binti. "Ndiye?"

"Ndiye. Yule ambaye hukuwa na la kusema juu yake."

Kabula akamwamkia. Akaitikia marahaba. Nilingoja anyamaze.

"Yule mama alikwenda kumchukua mtoto," akasema.

"Mama gani?"

"Wa nyumba kubwa. Alibadili viatu. Mtu wa kutembea kidogo habadili viatu. Vile vilikuwa vya kamba, vya safari. Niliviona siku ile ile nikakubishia." Akatazama dagaa wake. "Siku ya kikao, ulipofungua ile kanga, nilimwona mke wangu na kikombe. Alikuwa ananingoja. Alikunywa chai yote ile polepole, ananingoja nimwambie asiende. Mimi nikadhani anafurahia chai."

Nilimshika Kabula mkono asikanyage dagaa.

"Nilipofika hapa nilikaa pale kwenye mtumbwi mbovu. Ananipita asubuhi, ananipita mchana, nami nimenyamaza. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikapayuka."

"Ukasema nini?"

"Rudi. Halafu nikaona haitoshi, nikasema, basi nitabaki mimi."

Akageukia upande wa pili wa ufuko, ambako mwanamke mnene mwenye kilemba cha bluu alikuwa anafunga gunia, akaweka viganja mdomoni.

"Mama weee! Tuna wageni! Watakula!"

Ndege wote wa ule ufuko waliruka. Yule mwanamke hakugeuka hata kidogo. "Nimesikia! Mimi si kiziwi!"

"Anasema hivyo kila mara," Fundi akaniambia, amefurahi.

Kabula alikuwa ameziba masikio anacheka. Kelele za Fundi zilikuwa mbaya kweli, zimepasuka katikati, kubwa mno kwa umbali ule, kama za mtu anayejifunza lugha ukubwani na hajui bado neno lipi ni la ndani na lipi ni la barabarani. Nilimsogelea, nikaushusha mzigo wangu.

"Shikamoo, Fundi," nikamwambia.

"MARAHABA!" akajibu.